Usifungue, Dawa Ishike

Tuseme ukweli mapema, maana yeye mwenyewe kuusema kulimchukua wiki nzima: Gordon Amolo hakuwa daktari. Hakuwahi kumdunga mnyama sindano. Alikuwa ameajiriwa kule mtaa wa Karen, kwenye nyumba ambako matajiri huacha mbwa wao wakisafiri, na kazi yake ilikuwa kuwatembeza mbwa hao, kuwachana manyoya na kuosha bakuli zao. Lakini siku moja alitokea mtaani kwake Jericho na koti jeupe alilopewa kazini, mtu mmoja akamwita Daktari kwa utani, naye hakukataa. Mwaka wa 1981 ulipoingia, hata mkewe, Mama Adhiambo, alikuwa akimwita hivyo mbele ya wageni. Alivishwa kilemba cha ukoka akakikaza mwenyewe, tena kwa mikono miwili.

Mwaka ule kulikuwa na ugonjwa mpya wa mbwa. Watoto wa mbwa walikuwa wakiharisha damu na kufa kwa siku mbili, na mbwa jike wa Mama Ndindi, aliyeitwa Chui, alipoteza wanawe wote wanne. Mama Ndindi jina lake Waithera. Alikuwa mjane, akiuza mayai na mboga soko la Jericho, na bidhaa zake alizilaza kwenye kistoo nyuma ya nyumba. Mumewe alipofariki wezi walikivunja kile kistoo mara mbili. Tangu alipomleta Chui, hakuna aliyethubutu kusogea. Kwa hiyo alipoona Chui naye ameanza kulegea, alikwenda moja kwa moja kwa Daktari.

Hapo ndipo Amolo angesema, mama, mimi naosha bakuli. Ni maneno manne tu. Badala yake alikunja uso kama wenye elimu yao, akasema ugonjwa huo umekaa kibandani, dawa yake ni klorini, na yeye ataileta. Kweli hakuwa amedanganya, hata huko kazini walitumia klorini. Ila yeye alikuwa akivikuta vibanda vimeshaoshwa. Aliyechanganya dawa alikuwa Caleb, msimamizi, naye aliichanganya ndani ya stoo na mlango amefunga. Kilichofika kwa Amolo ni ndoo ya kusuuzia bakuli, maji tayari yana dawa yake. Alichokijua ni harufu tu.

Ijumaa, Caleb alipotoka kula, aliingia stoo akamimina klorini ambayo haijachanganywa na maji kwenye chupa ya sharubati, akaificha ndani ya koti, akatoka nayo. Kuomba aliona haya, maana Caleb angemuuliza ni ya nini.

Jumamosi alasiri, majirani wakitazama, alimtoa Chui kibandani akamfunga kwenye nguzo. Kibanda chenyewe kilikuwa cha mbao na mabati, sakafu ya saruji aliyoimwaga marehemu, na mkojo ulikuwa umetuama kwenye pembe. Amolo hakuleta maji wala sabuni. Aliimimina ile klorini yote, vilevile ilivyo, juu ya mkojo. Harufu ikapanda mpaka machozi yakawatoka wote, naye akaona fahari, kwamba dawa kali ndiyo dawa. Kisha akafanya kama tunavyofanya sote mitaani tukipiga dawa ya kunguni: unaziba kila tundu ili dawa ishike. Alipachika gunia mlangoni, akaziba nyufa kwa matambara.

Baada ya nusu saa manyunyu yakaanza. Mama Ndindi akamhurumia mbwa wake mgonjwa asilowe. Daktari akasema basi arudishwe, sakafu ingali majimaji, na lile gunia akalirudisha pale pale. Muda si mrefu wakasikia Chui akikohoa na kukwaruza mbao. Mama Ndindi alisimama akataka kwenda. Amolo, kikombe cha chai mkononi, akamwambia kwa sauti ya upole:

"Usifungue, Mama Ndindi. Acha dawa ishike."

Mama akakaa. Chui akakwaruza tena kidogo, halafu akanyamaza, na Daktari akasema unaona, ametulia.

Jumapili asubuhi, watu wamevaa nguo za kanisani, Chui alikutwa amekufa, povu limemkauka mdomoni, macho mekundu. Uwanja ulijaa. Amolo aliitwa aseme amekufa na nini, maana si daktari yuko? Aliinama chini ya lile bati, na harufu ya klorini ikampanda puani kwa nguvu hata akarudi nyuma. Moyo ulimwambia. Moyo haukosi. Lakini macho ya watu yalikuwa mgongoni mwake, na Mama Ndindi alikuwa akilia, na mdomo ukatangulia.

"Ni sumu hii," alisema.

Neno hilo likatosha. Watu wote waligeuka kumtazama Gachanja, fundi viatu wa mlango wa tatu. Wiki mbili nyuma alikuwa amegombana na Mama Ndindi pale bombani kwa sababu ya kelele za mbwa, akasema iko siku huyo mbwa atanyamazishwa. Mzee wa watu alikuwa na hasira tu, usingizi umempaa. Sasa akaapa kwa Mungu kwamba hakumgusa. Akina mama wakasema lisemwalo lipo. Amolo alikuwa amesimama hapo, akiangalia ncha za viatu vyake.

Jumatatu hakuweza kuvumilia. Alimwendea Caleb akamwambia kuna mtu mmoja huko mtaani, jirani wa jirani, aliosha kibanda kwa klorini mbwa akafa. Caleb hakuinua hata kichwa. Alisema huyo jirani wako ni mjinga. Mbwa hutolewa kwanza, akaendelea, mavi yakazolewa, mkojo ukaoshwa wote kwa sabuni na maji mengi. Ndipo inakuja dawa, tena kikombe kimoja kwa vikombe thelathini vya maji. Inakaa dakika kumi, inasuuzwa, na milango inaachwa wazi upepo upite. Mbwa harudi mpaka pakauke.

"Klorini ikikutana na mkojo inatoa hewa mbaya," Caleb alisema. "Hata wewe ukifungiwa humo hutoki. Na ikiwa kali hivyo inachoma mapafu na nyayo. Kwani huyo mtu hakusikia mbwa akihangaika?"

Amolo akajibu kwamba pengine hakusikia. Akarudi kwenye bakuli zake.

Ungedhani jioni hiyo alikwenda kubisha kwa Mama Ndindi. Wapi. Alipita mlango wake mbio mbio, na keshoye akapita kwa nyuma. Alijiambia atasema Jumatano, na Jumatano wezi wakavunja kistoo wakabeba vitunguu na trei zote za mayai, basi akaona mambo yamezidi, mdomo ukazidi kuwa mzito. Watu walikuwa wameacha kumpelekea Gachanja kazi. Mzee alikuwa akikaa barazani na nyundo yake mapajani, akipiga hewa, watoto wakimpita mbali. Mkewe Amolo aliyasimulia hayo mezani akiongeza kwamba mtu kama huyo afukuzwe. Amolo alisema ugali una chumvi, ingawa ugali hautiwi chumvi, akaenda kulala.

Ijumaa akapata ujanja wa mwoga. Alichukua viatu vyake vyeusi, ambavyo havikuwa na shida kubwa, akampelekea Gachanja avishone. Alidhani atakuwa amelipa kidogo kwa njia hiyo, bila kufungua kinywa. Mzee alivipokea kwa mikono miwili. Alivishona kisigino na ubavu, akavipaka rangi hata pasipohitajika, na Jumamosi asubuhi Amolo alipokuja kuvichukua akakuta vimepangwa juu ya gazeti safi.

"Wewe peke yako ndiye umeniletea kazi wiki hii," Gachanja alisema. "Nikajiambia, ikiwa Daktari mwenyewe ananipa viatu vyake, basi anajua si mimi. Waambie, mwanangu. Wewe ukisema watakuamini."

Aibu, jamani, si neno la kutamka tu. Ilimshika Amolo shingoni mpaka masikio yakamwaka. Alitaka ardhi ipasuke, na ardhi ya Jericho ni ngumu. Angeweza kusingizia haraka aende zake, na miguu ilikuwa tayari kumsaidia. Lakini mzee alikuwa amepiga magoti, akimfunga kamba za viatu kwa heshima, kama anavyofungwa mtu mkubwa. Hilo hakuliweza. Akamwinua, akamshika mkono, wakaenda wote wawili mpaka bombani, ambako akina mama walikuwa wamepanga foleni ya ndoo, Mama Ndindi katikati yao.

Aliyasema yote, na hakuyasema vizuri. Alianza na chupa ya sharubati, akarudi kwenye bakuli, akasema hajawahi kuwa daktari hata siku moja, akaeleza habari ya mkojo, ya vikombe thelathini, ya gunia. Alisema kwamba aliinusa ile dawa Jumapili ile ile na akajua, na bado akasema sumu akamwacha mzee huyu abebe lawama. Mtu mmoja alicheka kidogo halafu akaacha. Ndoo ilikuwa imejaa, maji yanamwagika, hakuna aliyefunga bomba.

Gachanja aliutoa mkono wake polepole ndani ya mkono wa Amolo, akasimama kando.

Amolo alingoja matusi. Aliyataka, maana yangemfaa. Mama Ndindi hakumtukana. Alifunga bomba, akajitwisha ndoo, akapita mbele yake, na alipokuwa ameshampita hatua mbili akasimama bila kugeuka.

"Mimi nilitaka kufungua, Baba Adhiambo," alisema.

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo. Akaenda nyumbani na ndoo yake, na Amolo akabaki pale bombani na viatu vinavyong'aa.