Ua wa Mikoko na Kaburi la Ashura

Jumamosi asubuhi Oliva alitoka na ndoo ya maji ya kunyunyizia udongo, kama desturi yake, akakuta kaburi la mwanawe limesogea. Halikusogea sana, ni hatua moja ya mtu aliyebanwa na kanga. Makombe ya chaza aliyolizungushia yalikuwa yamesogea nalo, yote, kwa mpangilio uleule, na pale lilipokuwa jana kaa walishaanza kujichimbia. Oliva akalitazama kaburi, akautazama ua wa kanisa uliokuwa mbele yake, akapima kwa macho. Kisha akanyunyizia maji pale lilipo, si pale lilipokuwa.

"Limeondoka," akamwambia jirani yake, Bi Semeni, aliyekuwa akipeta mchele mlangoni kwake.

"Linaelekea wapi?"

"Kanisani."

"Wewe ulitaka liende wapi?" Bi Semeni akapuliza makapi. "Mtoto huyo hata tumboni hakutulia, Mama Ashura. Nikiweka mkono, teke."

Kanisa lenyewe lilikuwa la mabati, juu ya kijilima ambacho hata maji ya bamvua, yanayojaa kupita yote, hayakifikii. Chini yake ni matope na mikoko mpaka macho yachoke. Kijiji chenyewe, Salale, ni cha Waislamu tangu zama. Waumini wa kanisa hili walikuwa watu wa kuja, mwalimu, muuguzi, wanunuzi wa kamba, na Damasi mume wa Oliva, fundi wa injini za boti. Walikuwa wachache, na kwa kuwa walikuwa wachache walijenga ua. Ua wa nguzo za mikoko ulizunguka kanisa na makaburi yake. Mzee Festo, mzee wa kanisa na mtunza ua, alikuwa na maelezo mafupi: waliolala ndani siku ya parapanda watakwenda juu, waliolala nje, Mungu mwenyewe anajua. Alilisema hilo kwa sauti ya mtu ambaye Mungu ameshamnong'oneza.

Ashura alilala nje.

Alizaliwa wakati wa masika, maji yamekupwa, muuguzi yuko zahanati ng'ambo, boti ya kwenda huko imekaa juu ya tope kama kuku anayeatamia. Damasi alikuwa Kibiti kutafuta spea. Mchungaji Obedi naye alikuwa Kibiti, ambako ndiko anakoishi. Huja Salale mara moja moja, bahari ikipenda. Mtoto akatoka akitafuta pumzi. Oliva hakuweza kuinua hata kichwa, akamwomba Bi Semeni ambatize upesi. Bi Semeni akasema hiyo kazi haijui. Oliva akamfundisha maneno, kisha akazirai kabla hajasema jina. Basi Bi Semeni akachukua birika lake la udhu, akatia jina la kwanza lililomjia mdomoni, la marehemu mama yake, akammwagia mtoto maji mara tatu na kuyasema maneno yote bila kuruka hata moja. Alipomaliza akamwomba Mola wake maghufira, kimyakimya, asije akalaumiwa pande zote mbili. Mtoto akaishi mpaka maji yalipoanza kujaa.

Mchungaji alifika viatu mkononi, suruali imekunjwa, tope magotini. Akafanya kikao kanisani, na Bi Semeni akaitwa.

"Nani alibatiza?"

"Mie."

"Wewe ni Mkristo?"

"Mchungaji nawe. Juzijuzi Idi umekula pilau kwangu ukaomba ukoko."

"Basi hukubatiza. Ulimmwagia maji."

"Maneno yalikuwa yenu, maji ya Mungu. Mie nilitia mkono tu."

Mzee Festo akakohoa. "Na hilo jina? Mkristo anaitwa Ashura? Huko juu ataitikaje?"

"Ningempa lipi? Majina yenu ninayoyajua ni Obedi na Festo, na huyu alikuwa mwanamke."

Damasi alicheka kidogo, akajuta. Kikao kikaamua kwamba mtoto hakubatizwa, kwa hiyo hawezi kulala ndani, wala jina lake halitasomwa ile Jumapili ya kuwakumbuka waliolala katika Bwana. Mchungaji hakuwa mtu mbaya. Alimshika Oliva mkono akamwambia rehema ya Mungu ni pana. Oliva akamuuliza kama ni pana kupita ule ua. Mchungaji akasema maji yanakupwa, akaenda kuwahi boti.

Tangu hapo Oliva hakukaa kitako. Alisonga ugali huku anatembea. Alianza kufua, akaacha nguo kwenye povu, akaenda kuchungulia njia, akarudi, akasahau alichofuata. Alitaka jambo moja tu: mwanawe ahesabiwe pamoja na walio ndani. Yeye mwenyewe alikuwa na cheti cha ubatizo, na cha kipaimara, na nafasi yake huko juu haikuwa na shaka. Hilo ndilo lililomkosesha usingizi. Alijiona amefika, amekaribishwa kiti, anageuka kutazama mlangoni.

Kaburi nalo halikutulia. Lilikwenda taratibu, bila haraka, likapita chini ya nguzo bila kutikisa hata moja, na Jumapili moja waumini wakalikuta ndani, limejibanza kando ya marehemu Stanslausi, baharia.

"Hili tulifukue tulirudishe," akasema mwalimu.

"Kufukua maiti ni mpaka kibali cha serikali," akasema Mzee Festo. "Kaburi hatuligusi. Ila ua ni wetu."

Akaleta mtaimbo, akang'oa nguzo za upande ule, akazisogeza ndani mpaka Ashura akawa nje tena. Stanslausi naye akabaki nje, kwa kuwa walikuwa wamelala bega kwa bega. Watu walisikitika, lakini haikuchukua muda wakakumbuka kwamba Stanslausi alikuwa mtu wa gongo, na sadaka yake ilikuwa ya kutafutwa. Ilionekana ua umejua.

Baada ya hapo mambo yakawa na mwendo wake. Kaburi likisogea, Mzee Festo anasogeza ua. Marehemu mama mmoja muuza maandazi alipoachwa nje, wakakumbuka kwamba aliwahi kwenda kwa mganga kwa ajili ya mgongo. Mwinjilisti wa kwanza, aliyelijenga kanisa kwa mikono yake na kuimbiwa wimbo kila mwaka, alipoachwa nje, ilichukua kikao kirefu kidogo, mpaka muuguzi alipokumbuka kuwa marehemu alikuwa na hasira. Kila aliyetoka alipatikana na sababu. Watoto wa Salale waliokuwa wakipita kwenda madrasa walizoea. Wakikuta nguzo zimehama wanabadili njia.

Kisha ikafika zamu ya Tabita, marehemu mke wa Mzee Festo. Mzee alisimama na mtaimbo asubuhi nzima. Hakuna aliyemsaidia kukumbuka. Mwishowe akasema mwenyewe, bila kumtazama mtu, kwamba Tabita alikuwa akilala kwenye mahubiri. Akang'oa nguzo. Jioni ile alionekana akizunguka ua nje, ndani, nje, hajui akae upande gani.

Oliva akamfuata. "Mzee wangu, ungeacha nguzo moja tu bila kuichimbia. Angepita, tungelala sote."

"Nikiacha moja, binti yangu, itakuwaje kwa hao niliokwisha kuwatoa?"

Oliva akachukua ndoo yake. Akaenda akanyunyizia maji kwa Ashura, na kwa kuwa ndoo ilikuwa bado na maji, akamnyunyizia na Tabita, na Stanslausi, na mwinjilisti.

Mchungaji Obedi alipokuja na kukuta ua umekata kanisa katikati, mabati ya ukuta yamebanduliwa kupisha nguzo, mabenchi nje, mimbari ndani, aliona ni vyema kuwauliza wakubwa wake. Mtandao wa simu ulipatikana mahali pamoja tu, juu ya dungu la Bi Semeni, kile kibanda cha miguu mirefu anamokaa shambani kuamia ndege wasile mpunga wake. Mchungaji akapanda ngazi. Bi Semeni akampisha, akaendelea kuwarushia ndege udongo kwa kombeo.

"Wamesemaje?" akamuuliza alipokata simu.

"Wamesema tufuate utaratibu."

"Upi?"

"Simu ilikatika."

Bi Semeni akamkatia muwa. "Nikuulize, mchungaji. Hao ndege mie nawafukuza kwa sababu wakila mpunga, utapungua. Huko kwenu juu, akiingia mtoto, kinapungua nini?"

Mchungaji alikula muwa wote, akashuka.

Ile Jumapili ya kuwakumbuka waliolala ilifika na bamvua, na maji yakajaa mpaka miguuni mwa kilima. Ua wakati huo ulikuwa duara dogo kuizunguka mimbari, na Mchungaji Obedi alisimama ndani yake amevaa joho jeupe, nguzo zikimfika kifuani. Waumini walikaa nje ya ua kwenye mabenchi yao, yaliyosogezwa mpaka yakachanganyika na makaburi. Mzee Festo alikaa karibu na Tabita, mtaimbo magotini. Kaburi la Ashura lilikuwa mbele kabisa, makombe yake yanagusa nguzo. Bi Semeni alikuwa amekuja kumsindikiza mwenzake, akakaa mwisho wa benchi, birika miguuni.

Mchungaji alihubiri kuhusu mlango mwembamba. Alihubiri vizuri. Kisha akafungua karatasi ya majina ya waliolala ndani ya ua, akaitazama, akaigeuza nyuma, akaikunja. Hakukuwa na jina la kusoma.

Oliva akasimama. Kwa kweli alikuwa amesimama tangu ibada ianze.

"Mchungaji, naomba kuuliza. Mwanangu ameshafika?"

Mchungaji akainama juu ya nguzo, akapima kwa jicho la haki.

"Bado yuko nje, Mama Ashura."

"Pamoja na Tabita?"

"Pamoja na Tabita."

"Na mwinjilisti. Na mwalimu hapa. Na mimi."

Mchungaji akayatazama mabenchi, benchi baada ya benchi, mpaka la mwisho lenye birika.

"Pamoja nanyi," akasema.

Oliva akakaa. Ilikuwa mara ya kwanza tangu masika kuonekana amekaa, na benchi likalia chini yake. Damasi akamsogelea. Kaburi nalo, mbele ya macho ya wote, likasogea kidogo, upana wa kidole, likaanza kupita chini ya nguzo.

Mzee Festo akashusha pumzi, akainuka na mtaimbo wake, akaenda mbele. Akatafuta pa kuchimba, akakosa, akapenyeza mkono kati ya nguzo, akamgusa mchungaji kwenye goti. Mchungaji Obedi akakusanya joho lake, akainua mguu mmoja kumpisha achimbe pale, na akiwa amesimama hivyo akatangaza wimbo wa kufunga.