Kiporo cha Mwalimu Halvorsen

Kwa miaka ishirini na miwili Orrin Halvorsen, mwalimu mstaafu wa hesabu mjini Duluth, aliwinda kitu kimoja tu: namba tasa kubwa kuliko zote zinazojulikana. Hakuwa peke yake. Wako maelfu, kila mmoja na kompyuta yake nyumbani, kila mmoja amegawiwa namba zake za kupima. Anayekuta yake haigawanyiki, jina lake linaandikwa. Orrin alilitaka hilo kuliko alivyoitaka pepo.

Kipimo kimoja kilikula wiki kadhaa, na subira hakujaliwa. Akailazimisha kompyuta ikimbie kuliko ilivyoundwa, ikachemka hadi chumba kikawa jiko. Mara nne ilimwandikia kwamba hesabu imeteleza. Mara nne akafuta onyo, akaendelea. Jibu likaja: inagawanyika. Akalituma, akachukua namba nyingine.

Wawindaji hawa wana desturi: kila jibu hupimwa upya na mtu mwingine, kwa mashine nyingine. Kazi ya punda, haina shukrani. Verna Tuominen, aliyekuwa dereva wa basi la shule, aliipenda. Kila Alhamisi mgahawani Orrin alimtania mbele za watu: "Mla viporo wetu huyo! Leo umepasha chungu cha nani?" Verna alicheka tu, akaendelea na pai yake.

Alhamisi hii hakucheka.

"Mwalimu, ile namba yako ya miaka minane iliyopita. Nimeirudia."

"Ehe, kiporo kimechacha?"

"Ni tasa. Wakubwa wa uwindaji wetu wameipima kwa mashine tatu. Tasa, Mwalimu."

Uma ukamponyoka. Namba yenye tarakimu zaidi ya milioni ishirini, ilikuwa mkononi mwake, naye akaitupa kama ganda la yai.

"Bado hawajatangaza," Verna akasema, akitoa kalamu na karatasi yenye majina yao mawili. "Nimewaomba jina lako likae na langu. Si wewe uliyenifundisha kazi hii? Wamekubali, ila wanauliza: mashine yako ilitoa onyo lolote? Kumbukumbu za zamani hawana. Ukisema hapana, basi ni bahati mbaya tu, yaishe."

Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, na hapa alikuwa akipewa pole ya bure. Neno moja tu, nani angejua? Laiti Verna angemcheka kidogo, angedanganya bila taabu. Lakini alikuwa amemkazia macho ya mwanafunzi anayemwamini mwalimu wake, na aibu ikampanda Orrin hadi masikioni.

"Ilinionya," akasema. "Mara nne."

"Nne?"

"Nne, Verna. Maonyo yote nikayafuta. Na miaka yote hii nakuita mla viporo."

Verna alilikata jina la Orrin polepole kwa mstari mmoja, akakunja karatasi. Kisha akaisukuma sahani yake hadi mbele ya Orrin, pai imebaki nusu, akamkabidhi na uma wake.

"Kula, Mwalimu."

Orrin akala, asithubutu kuinua macho.