Dada Wawili wa Boling

Lango la magharibi la kasri lilifunguliwa mchana kweupe, tukaambiwa twende zetu, na hakuna aliyesogea. Tulisimama pale mamia ya wanawake na mafurushi yetu, tukiitazama barabara kama kuku waliofunguliwa tundu wakasahau kazi ya miguu. Bibi msimamizi wa chumba cha kushona, ambaye miaka yote hakuwahi kututania, ndiye aliyetusukuma.

"Nendeni basi. Au mnasubiri mfalme aje awabebe mgongoni?"

Tukacheka, na kicheko ndicho kilichotutoa nje.

Niliingia mle nikiwa na miaka kumi na minne, enzi ambapo nchi ilitawaliwa na ukoo wa Sui. Enzi hizo kila chenye mikono kilichukuliwa. Baba alipelekwa kuchimba mfereji mkubwa, hakurudi. Walipokuja kusaka askari wa kwenda kuivamia nchi ya Koguryo, kaka yangu Boling aliulaza mguu wake chini na kumwomba jirani auangushie jiwe la kusagia. Watu waliuita mguu wa namna hiyo mguu wa bahati. Muda si mrefu wakanichukua mimi, nikawe mshonaji wa kasri. Kisha Sui wakaanguka, ukoo wa Li ukashika nchi na kuiita Tang, nasi mle ndani tulichoona ni rangi za nyuzi kubadilika. Mpaka mfalme mpya alipokalia kiti, akasema wanawake waliofungiwa warudi kwao.

Nje palijaa watu. Kina mama walikuwa wakiita majina, mengine ya utotoni, na wanawake wazima wakaitikia kwa sauti za kitoto. Kando yangu alisimama Pingniang, tuliyeshona naye tukiketi mkeka mmoja miaka na miaka. Hakuwa na wa kumngoja. Kijiji chao kiliteketea vitani. Alikumbatia furushi lake, akijifanya anatafuta mtu, isijulikane kwamba hana.

Ndipo nikamwona Boling. Nilimjua kwa mguu. Alikuja akichechemea, nywele zimempungua, akipangua watu kwa viwiko. Macho yake yakanipita kama mtu apitaye mlango wa jirani, yakatua kwa Pingniang. Akamkumbatia.

"Ruoyi," alisema, machozi yakimtiririka. "Dada yangu. Umekuwa mrefu hivi."

Pingniang alinitazama juu ya bega la kaka yangu. Uso ule ulikuwa na aibu na hofu, lakini pia ulikuwa uso wa mtu aliyepokelewa. Alijua anapaswa kusema kwamba si yeye. Hakuweza. Wivu ulinichoma, nao haukukaa, kwa sababu kicheko kilikuwa kimeshanipanda kooni.

"Kaka," nikasema, "huyo mrefu si wako. Wako ni huyu mfupi."

Boling akamwachia kana kwamba ameshika chungu cha moto. Akanikagua kwa muda.

"Una pua ya baba," akasema hatimaye. "Nisamehe, dada. Nawe bibie, nisamehe. Watu wako wako wapi nikawaombe radhi?"

"Sina watu," Pingniang akasema.

Kaka akajikuna kichwa. "Basi gari langu la punda lina nafasi. Na shamba lipo. Siku hizi kila mwanamume anapewa, hata kilema kama mimi. Kazi haitakosekana."

"Unanichukua kwa sababu umenikumbatia?"

"Nakuchukua kwa sababu nimekuaibisha mbele za watu, na njia ni ndefu, na huyu ataninunia mpaka nyumbani. Nahitaji mtu wa kuzungumza naye."

Sikununa. Niliimba njia nzima kando ya Mto Wei, na sauti yangu ni mbaya.

Pingniang alikuwa wifi yangu kabla ya mwaka kuisha. Ilikuja miaka ya nzige na baridi, tukaivuka. Kisha nafaka ikafurika, tukazoea kulala bila komeo mlangoni, na ngamia wa wageni wa jangwani wakawa wanapita mbele ya shamba letu kwenda masoko ya mji mkuu, Chang'an, watoto wa Boling wakiwakimbilia. Wajukuu wakiniuliza Tang ilianza lini, wanataka niwasimulie vita. Vita sikuviona. Niliona siku tuliyofika nyumbani.

Mama alitoka, akatushika nyuso, mmoja baada ya mwingine, akasikiliza mkasa wote. "Nilitoa mmoja," akasema, "wamenirudishia wawili. Hawa watawala wapya hawajui hesabu. Msiwaambie."

Nyumba ilikuwa na mabakuli matatu. Mama akatupakulia uji wa mtama sisi wawili na yeye mwenyewe. Boling alikunywa wake chunguni kwa upawa, akiwa amesimama, ameegemea mlango, akilalamika kwamba unamuunguza ulimi. Pingniang, ambaye hakuwa amesema neno tangu tuingie, akamwambia apulize kwanza.