Kura Baada ya Maziko

Sajenti wa Bunge alipofunga milango ya ukumbi, Alfani alikuwa bado na mchanga wa makaburini kwenye viatu. Niliuona kwa sababu nilikuwa nimeinamisha kichwa, naangalia chini ya viti, nikiogopa kukutana macho na Dishon. Dishon alikuwa kiranja wa chama chetu, msimamizi wa kura zetu, na mpaka dakika ile alikuwa na hakika kwamba mimi na Alfani tuko Vanga, tumekaa na wafiwa, na kwamba tutakaa nao hadi magharibi.

Nilipoinua macho alikuwa ananitazama, mdomo wazi, kalamu imemtoka mkononi.

Wakati ule nilikuwa mwakilishi wa wadi moja iliyo juu ya Kikoneni, upande ambako mvua hukawia na mtu huhesabiwa utajiri wake kwa ng'ombe. Kiti changu katika Bunge la Kaunti kilikuwa cha nyuma kabisa, chini ya feni isiyozunguka. Kazi niliifanya, asinidharau mtu. Nilisoma ripoti za kamati ambazo zingemlaza hata mtoto mwenye homa. Nilikagua zahanati, nilikagua vyoo vya soko, niliuliza maswali ya maandishi yaliyojibiwa baada ya mimi mwenyewe kuyasahau. Lakini kura zetu karibu zote zilikuwa za sauti. Spika anauliza, ukumbi unanguruma "Ndiyo!", wachache wanasema "La", naye anatangaza upande uliosikika zaidi. Ndani ya ngurumo ile sauti yangu haikuwa na mwenyewe. Chama kikisema ndiyo, nami ndiyo. Nyumbani wakanibandika jina, Mheshimiwa Ndiyo, wakiniita hivyo huku wakinivutia kiti na kunikaribisha chai. Nilicheka nao. Iliniuma sana.

Halafu ikaja hoja ya bwawa.

Wadi yetu ina bwawa moja tu la umma, lililochimbwa kwa majembe na babu zetu, na kiangazi kikikaza hakuna pengine pa kunywesha mifugo. Hoja ilitaka ardhi ile ikodishwe kwa kampuni ya kuvunja kokoto, na chama chetu kiliiunga mkono. Katika mkutano wa chama nilisema, kwa sauti ndogo, kwamba jambo hili silipendi. Alfani, mwenzangu wa Shimoni, akaniunga mkono. Yeye hana hata mbuzi, lakini alisema wakianza na maji ya ng'ombe watamalizia na gati la wavuvi wake. Dishon alitabasamu, akatushukuru kwa maoni yetu. Yeye ni mtu wa bara aliyehamia Ukunda zamani, ana maneno matamu na kumbukumbu kali. Wajumbe walikuwa wameshaomba kura ipigwe kwa kuitwa majina, mmoja mmoja, na kila mtu alijua pande zimekaribiana mno.

Siku moja kabla ya kura Dishon akanipigia simu jioni.

"Mheshimiwa Kahaso, pole. Mzee Samuel Tembo amefiwa na mama. Wanazika kesho, Vanga. Chama kinatuma wewe na Alfani. Ama kuna shida?"

Shida ilikuwepo, naye aliijua. Mzee Samuel alikuwa diwani wa zamani, na ndiye aliyenifundisha kuandika hoja nilipokuwa sijui hata pa kuanzia. Huwezi kumwambia mtu kama yule kwamba mama yako azikwe bila mimi, nina kikao. Nikajibu kwamba nitakwenda. Nilipokata simu nililia kwa hasira, kwa maana nilikuwa nimefungwa kamba na sina hata wa kumlaumu. Mzee Samuel ni mzee wa kanisa. Maziko ya namna hiyo nayajua: hema, kwaya, pilau, na kila mwanasiasa atakayesema ana neno moja tu, kisha asiachie kipaza sauti. Nitakapokuwa nasikiliza hotuba ya mwisho, bwawa litakuwa limeshakwenda.

Alfajiri Dishon alitungoja kwenye kituo cha mafuta pale Ukunda. Alinikabidhi rambirambi za chama, kurasa tatu, nizisome mbele ya waombolezaji.

"Msitoke kabla ya mwisho," alituambia. "Itakaa vibaya, manze."

"Kwa hiyo tukae hadi mwisho?" Alfani aliuliza kwa adabu ambayo sikuizoea kwake.

"Mpaka mwisho kabisa, Mheshimiwa."

"Inshallah," Alfani akasema, akawasha gari.

Tulipita Msambweni. Alfani alikuwa anapiga mluzi, jambo lililoniudhi. Tulipoiacha lami pale Lunga Lunga na gari likaanza kuturusha kwenye mashimo, akaangua kicheko.

"Unacheka nini, na sisi tunakwenda msibani?"

"Astaghfirullah, si mazuri," alisema, akijifuta machozi. "Dada yangu, mama yake Mzee Samuel ulikuwa ukimjua?"

"Sikuwahi kumwona."

"Bibi yule ni Mwislamu, mtoto wa Vanga hasa. Mumewe ndiye aliyekuwa wa kanisa, na watoto wakafuata baba. Alipofiwa na mume alirudi kwao, na dini yake hakuiacha maisha. Amefariki jana alasiri. Unadhani watamweka mpaka lini?"

Jambo lenyewe liliniingia taratibu.

"Na Dishon je?"

"Dishon amesikia jina la Samuel, akaona hema na kwaya."

"Mbona hukuniambia pale Ukunda?"

"Uso wako ule? Uso wako haujui kuficha kitu. Angekusoma kabla hujafunga mlango wa gari."

Kule Vanga nilijitanda leso kichwani nikaingia ndani kwa wanawake, tukaketi kwenye mikeka. Hakuna aliyenikumbuka kwa uheshimiwa wangu. Binti wa marehemu, mwanamke mzima mwenye mvi, alinishika mkono hakuniachia. Jeneza lilipotolewa na wanaume wakaanza kulipokezana kuelekea msikitini, alinilalia begani, nami nikalia naye kama niliyempoteza mama yangu. Nilikuwa na huzuni ya kweli. Nilikuwa pia na furaha, palepale, kwenye mkeka uleule, na nilimwomba Mungu asinikasirikie.

Jua lilikuwa halijawa kali wanaume waliporudi. Mzee Samuel alikuja barazani, macho mekundu, vumbi kwenye magoti.

"Shikamoo, baba. Pole sana."

"Marahaba, binti yangu. Nimeshapoa."

Nikamwonyesha zile kurasa tatu. Alizitazama bila kuzishika.

"Hapa hatusomi haya. Mama ameshasomewa yanayomfaa." Akaniangalia vizuri. "Leo si ndiyo kura ya bwawa?"

"Ndiyo, baba."

"Basi mnangoja nini? Mmekuja, mmezika, nimewaona. Nendeni."

Tulimbusu mkono tukaondoka. Alfani aliendesha kwa kasi ambayo siku nyingine ningeipigia kelele. Tulipopanda mlima wa Kwale na kufika kwenye Bunge letu, kengele ya kuwaita wajumbe ilikuwa inalia, tukaisikia kabla hatujashuka garini. Tulikimbia. Mlangoni tukasimama kidogo, tukamwinamia Spika kama kanuni zinavyotaka, huku tukihema, tukaenda kuketi. Nyuma yetu Sajenti akafunga.

Karani alianza kuita majina. Alfani alikuwa wa kwanza kwetu.

"La," alisema, na akakaa akikunja mikono.

Dishon aligeuka kunitazama. Alinifanyia ishara ya mkono, polepole, kiganja chini: tulia, usiseme kitu, hata kususia tu kutatosha. Hakuwa na hasira, alikuwa ananiomba. Miaka yote ile sikuwahi kuisikia sauti yangu peke yake katika ukumbi ule, na sikuwa na hakika itatoka.

"Mheshimiwa Kahaso."

"La!"

Ilitoka kubwa mno. Mjumbe wa mbele yangu aliruka. Spika alinitazama juu ya miwani, akasema, "Mheshimiwa, kipaza sauti kinafanya kazi." Ukumbi mzima ukacheka, na mimi nikacheka zaidi ya wote.

Hoja ilianguka kwa kura moja. Bila sisi wawili ingepita.

Dishon alitukuta kwenye ukumbi wa nje. "Mlitoka kabla ya mwisho," alisema.

"Wallahi hatukutoka," Alfani akamjibu. "Mwisho wenyewe ulikuwa asubuhi. Uliza mtu yeyote."

Aliwaza kidogo, na nadhani alielewa, maana alishika kichwa, na kicheko kikamponyoka bila kupenda. Hakikumzuia kuniondoa kwenye kamati ya fedha baada ya siku chache. Usiku ule barua ya kuniondoa ilipofika nililala usingizi ambao sikuwa nimeupata tangu nichaguliwe.

Jumamosi nilikwenda bwawani. Nilikuwa nimetayarisha maneno ya kuwaambia watu, nayo hayakuwa machache. Niliegesha gari kwenye tuta, nikashuka, nikanyoosha nguo. Mangi, mchungaji mmoja wa pale, alikuja mbio na fimbo yake, na nyuma yake kundi lote la ng'ombe limesongamana.

"Mheshimiwa, tulisikia redioni," aliniambia. "Ahsante, mama. Umetufaa kweli."

Nikafungua mdomo nianze.

"Sasa tuondolee gari," akasema. "Limeziba njia, na hawa wana kiu."

Niliingia ndani, nikalirudisha nyuma mpaka kwenye majani, nikazima injini. Ng'ombe walipita mmoja baada ya mwingine wakisuguana na mlango wangu, na hakuna mtu aliyegeuka kunitazama tena. Nikateremsha kioo nikawasikiliza wakinywa.