Korosho Ndani ya Mchuzi

Mama mwenzangu, kama mwanao ana kitu kinachomdhuru, usikifiche hata kwa mkweo. Mimi nilikificha, na nusura nimzike Safia.

Safia ana miaka saba. Korosho ni sumu kwake. Akila moja tu midomo inavimba, na daktari alishanionya kuwa siku moja koo litaziba. Kwetu Baleni, kisiwani Mafia, mikorosho iko kila upande, basi nikawa namchunga kimya kimya. Mama mkwe wangu, Bi Biubwa, sikumwambia. Nilijua atasema mtoto gani wa Mafia hali korosho, umemlea kizungu.

Mume wangu Shaabani alipoajiriwa kuendesha boti ya Hifadhi ya Bahari, alitupeleka sote Kilindoni tukale hoteli ya Kherbanu, Mhindi mzaliwa wa hapo hapo, ambaye mpishi wake ametoka Bangladeshi. Kabla hatujaketi nikachungulia jikoni, nikamkuta Kherbanu mwenyewe.

"Shikamoo, mama. Mchuzi wa kuku mnatia nini?"

"Marahaba. Mtindi, vitunguu, na korosho za kusaga. Ndizo zinazoufanya mzito."

Nikamweleza habari ya Safia.

"Basi yeye nitampa dengu na chapati, sahani yake mbali," akasema Kherbanu. "Lakini waambie wenzio mezani, mwanangu. Mimi naishia hapa jikoni."

Nikaitikia. Sikuwaambia.

Sinia la wali na kuku likaja, tukalizunguka. Bi Biubwa akaiona sahani ya Safia.

"Huyu mbona mmemtenga kama mwenye upele?"

"Tumbo, mama. Linamsumbua tangu asubuhi."

"Tumbo! Na njia nzima karuka kama mbuzi?" Akafinyanga tonge, akalichovya mchuzini. "Njoo, mke mwenzangu, ule mkononi mwangu."

Kwetu tonge la bibi halikataliwi. Safia alinitazama mimi kwanza. Neno moja tu lingetosha, nami aibu ikanifunga mdomo. Nilipokuja kunyoosha mkono, alikwisha kumeza.

"Mama, koo linawasha."

Midomo ikafura palepale, pumzi ikaanza kupiga filimbi. Nikapiga ukelele. Kherbanu akatoka mbio, akatutia kwenye gari lake, hata viatu hakuvaa. Hospitali wakamchoma sindano ya paja. Tukangoja. Pumzi ikarudi kidogo kidogo, mpaka akaomba maji.

Bi Biubwa alikuwa ameketi sakafuni, ameishika miguu ya mjukuu wake.

"Nimemlisha kwa mkono wangu mwenyewe. Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuogopa, mama."

"Uniogope mimi kuliko kaburi?" Akafuta macho kwa ncha ya kanga. Nilidhani atanitukana, na ningestahili. "Haya, nitajie vyote. Korosho tu? Karanga je? Na kashata?"

Nikamtajia, akawa anarudia kila kimoja kama mtoto wa chuoni anayehifadhi Kurani.

Walimlaza Safia ili wamwangalie. Asubuhi mama wa kitanda cha jirani, kwa wema wake, akamnyooshea kipande cha mkate wa sinia. Sijafungua mdomo, Bi Biubwa keshasimama katikati.

"Ahsante, mwanangu. Kwanza niambie, humu mmetia nini?"