Mchana Ndugu Yangu Aliponiita Mlevi

Sijawahi kuonja pombe, hata ya kulambishwa. Lakini mchana ule, tulipokwenda kwa kina Nakiete kumposea mdogo wangu Senkondo, niliitwa mlevi, na aliyeniita ni Senkondo mwenyewe. Baba yetu alikufa kwa ugonjwa wa misuli, nami nimeurithi: taya na vidole hukaza visiachie upesi, ulimi huwa mzito, maneno hutoka yakiburutana. Ila kwetu kaka mkubwa ndiye hufungua maneno ya posa, nikayafungua. Wazee wa binti wakatazamana. Senkondo akacheka, akasema, "Mtuwie radhi, wazee wangu. Kaka leo kapitia kilabuni." Nilirudi nyumbani nimeungua moyo, nikajitupa kitandani na viatu vyangu, usingizi ukanichukua.

Nikajiona katika nchi ambayo watu wake wote husema kwa ufasaha, maneno yakiwatoka kama uji mwepesi, na kila nilipofumbua kinywa walinipa kisogo. Mwanamke mmoja tu, jina lake Subira, alisimama akaningoja nimalize hata salamu. Akaniongoza mpaka kwenye jumba la Bwana Aibu, mtanashati anayewagawia wageni vinyago vya kufunika nyuso. Mlangoni alikaa bawabu wake, Woga, mikono ameificha kwapani. Alikuwa na sura ya ndugu yangu! Kwa hasira nikamvuta mkono. Vidole vyake vikakaza juu ya vyangu. Akajaribu kuniachia, visiachie.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Tangu mwaka juzi," akajibu, kwa ulimi mzito kama wangu.

Subira akasema, "Mwanangu, aliyekusukuma mbele ya watu alikuwa anajificha nyuma yako. Kumwelewa si kumsamehe. Hilo lina siku yake. Lakini yuko binti anayeletwa nyumbani kwenu amefumbwa macho. Naye anasalitiwa, na wewe unajua."

Niliamka jua lingali kali. Ndipo nilipoelewa kwa nini mwaka mzima Senkondo amekuwa akisalimia watu kwa kuweka mkono kifuani. Moyo bado uliniuma, tena sana. Nilimkuta uani anaanua mashati yake.

"Nipe mkono," nikamwambia.

Hakunipa. "Kaka, mimi nilikuwa natania tu."

"Nakiete umwambie leo kwamba nawe umeurithi, kabla jua halijazama. Ukishindwa, nitakwenda mimi, na safari hii watanisikiliza mpaka nimalize."