Zoila na Bwana Itis

Kwa miaka kumi na mmoja Zoila Caizabanda alikuwa mpishi wa Santa Perpetua, meli ya kutembeza watalii visiwani, na kwa miaka yote hiyo hakuna mtalii aliyewahi kuhitaji maneno kutoka kwake. Wao walinyoosha sahani, yeye akajaza. Wakishiba walijipapasa matumbo, naye akaelewa. Kisha meli ikanunuliwa na kampuni mpya ya huko Quito, na tangazo likabandikwa kwenye mlango wa ukumbi wa wavuvi wa Puerto Villamil. Msimu ujao mpishi atatakiwa kuongea na wageni kwa Kiingereza. Kutakuwa na masomo ya wiki sita, halafu mtihani. Nafasi ni moja, na yeyote aliyehudhuria masomo anaruhusiwa kuigombea.

Zoila alilisoma tangazo lile mara mbili. Akishushwa melini hakuwa na jiko lingine la kwenda. Villamil ina mikahawa michache, na kila mkahawa una mama mkwe wake jikoni.

Siku ya kwanza walifika wanafunzi wawili, Zoila na Fausto Yépez. Fausto aliendesha boti ya kushushia wageni ufukoni na kazi yake haikuwa hatarini. Alifuata kahawa ya bure tu, mtihani hakuutaka. Mwalimu alikuwa Washington Quimí, mtu mpole aliyewaonyesha watalii ndege kwa miaka ishirini na aliyekipenda Kiingereza kama wengine wanavyompenda mtoto wa kwanza. Na nyuma kabisa, kwenye meza yake peke yake, aliketi Bi Eufemia Gil, karani wa kampuni. Hakujua Kiingereza hata kidogo. Alikuwa na daftari la mahudhurio, kalamu ya kijani na agizo moja: kila anayeshiriki somo aandikwe jina, na kila akishiriki awekewe tiki, itakayojumlishwa na alama za mtihani.

Nje manyunyu yalikuwa yakianguka, kama kawaida ya miezi ile. Mwalimu akageukia ubao akaandika sentensi ya kwanza: It is raining.

Zoila akalinyooshea kidole neno la kwanza, It. Akauliza hako kadude ka mbele ni nani.

"Si mtu," mwalimu akasema.

"Ndiye anayenyesha?"

"Hakuna anayenyesha, mama Zoila. Ni mvua tu."

"Mvua ni hiyo ya mwisho, nimeiona. Mimi nakuuliza huyu aliyetangulia."

Mwalimu akaeleza kwa subira. Sisi kwa Kihispania tunasema llueve, neno moja, na mvua imeshanyesha, hatumhitaji mtu. Lakini Mwingereza hawezi kuvumilia sentensi isiyo na mtu mbele, ni kama mkutano usio na mwenyekiti. Asipopata wa kumweka, anamweka it. Hana kazi, hana maana, lakini lazima awepo.

Fausto akasema anawajua watu wa namna hiyo, wamejaa manispaa. Mwalimu akasema basi ni hivyo hivyo, tuendelee.

Waliendelea, mwalimu akitafsiri kila sentensi, na kila walikokwenda walimkuta yeye. Saa ni tatu, yeye. Kuna baridi, yeye. Ni mbali, kumechelewa, ni Jumanne, yote yeye. Fausto akasema kwa mtu asiye na kazi huyu bwana anachapa kazi kama nyumbu. Hapo ndipo Bi Eufemia alipoinua kalamu akauliza huyo anayetajwa kila mara na ambaye hayumo daftarini anaitwa nani kwa jina kamili.

Mwalimu alikuwa amewapa mgongo, chaki imemfika viwikoni, akadhani anaombwa kurudia sentensi ya kwanza. Akarudia, taratibu na kwa matamshi safi. Bi Eufemia akaandika kama alivyosikia: jina Itis, ukoo Reinin.

Katika kisiwa chenye mvuvi aitwaye Lenin na mafundi injini watatu ambao wote ni Darwin, jina hilo halikumshangaza mtu.

Jumamosi nakala ya daftari ilibandikwa mlangoni. Fausto alikuwa na tiki mbili, Zoila kumi na nne, Itis Reinin sitini na moja.

Zoila alikwenda moja kwa moja kwa Bi Eufemia akamwambia kwa adabu kwamba huyo si binadamu, ni sarufi.

"Bibi wee, si wewe mwenyewe uliyekuwa unamwita?" Bi Eufemia akajibu. "Juzi umesema kachelewa, nikaandika kachelewa. Jana ukasema ana baridi, nikamwonea huruma."

"Lakini umewahi kumwona?"

"Umesema mwenyewe yuko mbali. Mtu kuwa mbali siyo kwamba hayupo."

Mwalimu Washington naye alijaribu. Akaambiwa kwamba kilichoandikwa kwa wino hakifutwi, na kwamba mtu akishaingia daftarini hutoka kwa njia tatu tu: aache mwenyewe, afe, au aitwe kwenye mtihani asifike. Mwalimu akasema huyo hawezi kufa kwa sababu hajawahi kuishi. Bi Eufemia akasema alete cheti cha daktari.

Kufikia wiki ya tatu kampuni ilikuwa imemwandikia Bwana Itis barua ya kumpongeza kwa bidii yake na kumwomba vipimo vya aproni. Mjini watu walianza kuwa na maoni. Wengine walisema lazima ni mtu wa Guayaquil, maana watu wa huko ndio wenye tabia ya kujipenyeza. Muuza samaki wa gatini alimwona kwa macho yake, mrefu, mkimya, anakula bila kuchagua. Jirani yake Zoila alimvuta kando akamwuliza kama bwana huyo ameoa.

Lililomkosesha Zoila usingizi halikuwa umbeya. Ni kwamba kila alivyojifunza vizuri ndivyo mwenzake alivyozidi kupaa. Sentensi yake moja sahihi ilikuwa tiki moja kwake na tiki moja kwa Itis, na mwalimu alipofungua mdomo ikawa ya Itis peke yake. Akaanza kumkwepa. Badala ya kutaja baridi kwa njia ya Kiingereza, alisema yeye Zoila ni sweta. Badala ya saa tatu, alisema ukuta una tatu. Mwalimu alisahihisha kwa upole, naye kila aliposahihishwa Bi Eufemia alisikia jina analolijua akaweka tiki.

Siku ya mtihani ilifika na manyunyu yake. Kutoka Quito alikuja Injinia Larrea, ambaye kila mtu alimwita injinia ingawa hakuwahi kujenga hata banda la kuku. Naye hakujua Kiingereza. Kampuni ilimpa bahasha yenye maswali na majibu yake, na kazi yake ilikuwa kulinganisha neno kwa neno. Ukumbini aliweka viti viwili mbele ya meza, kimoja cha Zoila na kimoja cha Bwana Itis. Akatoka mlangoni akasoma masharti: ndani ya chumba hiki ni Kiingereza tu, kwa kila mtu isipokuwa msimamizi na karani, na mtahiniwa atakayesikika akitajwa na wengine humu atahesabiwa amefika.

Kabla hawajaingia, mwalimu akamshika Zoila mkono pale mlangoni.

"Mama Zoila, nakusihi. Usimwache yule wa mbele. Hilo ndilo kosa letu sisi wa Kihispania, dunia nzima wanatutambua kwalo. Ukimwacha, kila jibu lako ni kosa."

"Na nikimtaja," Zoila akasema, "ameshafika, na ana tiki mia nne."

Mwalimu akamwachia mkono.

Injinia akaonyesha dirisha, akasoma swali la kwanza kwa taabu. Hali ya hewa ikoje? Zoila akakitazama kile kiti kitupu. Jibu alilijua kama anavyojua chumvi. Lilikuwa limekaa kwenye ulimi, zima, pamoja na yule bwana mbele yake. Akafunga mdomo, akameza kipande cha mbele, akatoa kilichobaki.

"Is raining."

Injinia akatazama karatasi, akaona pengo mwanzoni, akaandika kosa. Supu ikoje? Is hot. Kosa. Saa ngapi sasa? Is ten. Kosa. Gati ni mbali? Is far. Mwalimu Washington alikuwa ameufunika uso kwa viganja, na kwa kila jibu mabega yake yalishuka kidogo. Fausto, aliyekuwa akichungulia dirishani, hakuweza kuvumilia akamnong'oneza: it, it. Kalamu ya kijani ikainuka. Fausto akaona macho ya Zoila, akaelewa, akaigeuza kuwa chafya. Kwa ajili ya kuaminika alipiga chafya nyingine sita.

Maswali yakaisha. Injinia akasimama mlangoni kumwita mtahiniwa wa pili, kama kanuni inavyotaka, mara tatu. Itis Reinin. Manyunyu tu. Itis Reinin. Akaita mara ya tatu, na kwenye ngazi akatokea simba wa baharini, mmoja wa wale wanaolala kwenye mabenchi ya gati. Akapanda kwa kujivuta, akavuka kizingiti akiwa ameloa, akaenda hadi kwenye kile kiti kitupu, akakilaza kidevu juu yake na kufumba macho.

Injinia akamtazama Bi Eufemia. Bi Eufemia akawa mkweli: hajawahi kumwona Bwana Itis uso kwa uso, hawezi kuapa kwamba ndiye wala kwamba siye. Basi injinia akamgeukia mwalimu. Wewe umemfundisha wiki sita, akasema, huyu ni nani? Akamkumbusha masharti ya chumba.

Mwalimu Washington akasimama. Sentensi ilikuwa rahisi, ya wiki ya kwanza. Alikuwa ameisema kwa watalii maelfu, kila asubuhi, akinyoosha kidole kwenye miamba, na hata mara moja hakuwahi kuisema vibaya. Ilianza kwa jina lile. Bi Eufemia alikuwa ameshateremsha ncha ya kalamu kwenye karatasi. Zoila hakumwomba chochote. Aliitazama mikono yake mwenyewe mapajani, yenye makovu ya mafuta ya moto.

Mwalimu akaitazama ile kalamu ya kijani. Akavuta pumzi.

"Is sea lion," akasema.

Akaketi chini kama mtu aliyetoka kufanyiwa upasuaji.

Bi Eufemia alisubiri kidogo, jina halikuja, akaweka kifuniko kwenye kalamu yake. Injinia akaandika: Itis Reinin, ameitwa mara tatu, hakufika, ametoka. Zoila Caizabanda, amefika, makosa yote, ni mtahiniwa pekee, amepata. Chini akaongeza kwamba mwalimu naye anashauriwa kurudia somo.

Msimu ulipoanza Zoila alipanda Santa Perpetua na visu vyake. Orodha ya vitanda ilikuwa imeshachapwa Quito kabla ya mtihani, na kitanda cha juu kwenye chumba chake kilikuwa na jina la Itis Reinin. Hakuna aliyekuwa na mamlaka ya kukibadilisha, kwa hiyo Zoila akapanga humo gunia la vitunguu na mikungu miwili ya ndizi mbichi. Nahodha, ambaye alikuwa na mazoea ya kutundika koti lake popote, alilitundika pale siku ya pili akauliza kwa nini vitunguu vinalala kitandani. Akaonyeshwa orodha. Aliisoma hadi mwisho, akalitoa koti lake taratibu, akasema samahani, hakujua kwamba kina mwenyewe.